Ujira wa Kibarua Asiye na Karatasi

(Haya ni maneno yaliyotolewa na ofisi ya miradi ya dayosisi katika semina ya kamati za sharika na mitaa ya Rufiji na Kibiti, iliyofanyika Utete. Tunayachapa kwa ajili ya wanakamati ambao hawakuweza kufika, na kwa wafadhili wetu walioomba kupata maelezo kamili.)



Tunajua wengi mmetoka mbali. Waliotoka delta wamepanda mtumbwi kwanza ndipo wakapata pikipiki, na waliotoka Kibiti wamevuka Daraja la Mkapa na kukata Nyamwage kuja huku. Wazee wetu wanaokumbuka kivuko cha Ndundu kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003 watasema vijana wa leo wamedekezwa, na hatutabishana nao.

Ratiba imeandika mada yetu kuwa "Sheria za ajira za wageni na utekelezaji wa miradi". Ilipobandikwa ukutani wapo waliouliza: huku kwetu kuna wageni gani wa kuajiriwa? Wengine walidhani tumekuja kuzungumzia Wamisri wa bwawa. Hao tutawagusa kidogo. Lakini hasa tumekuja kuzungumzia watu saba waliobeba zege katika jengo letu wenyewe, na namna ambavyo nusura tuwadhulumu.

Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, ambayo ninyi hamhitaji kuhadithiwa, wafadhili walitusaidia kujenga upya jengo la chekechea pamoja na chumba cha mwalimu. Fedha zilikuwa chache na muda mfupi, kwani jengo lilitakiwa lipauliwe kabla ya mvua za vuli. Kamati ya ujenzi ikampa kazi fundi mmoja kwa mkataba wa ufundi: sisi tunaleta saruji, nondo, mbao na mabati, yeye analeta mafundi na saidia fundi wake, na tunamlipa kwa awamu. Utaratibu huo mnaujua, ndio tunaoutumia karibu kila mahali.

Kazi ilikwenda vizuri. Tuseme kweli, ilikwenda vizuri kuliko kawaida. Wale saidia fundi walifika saa kumi na mbili asubuhi, hawakudai chai, hawakugombana, wala hakuna aliyeomba ruhusa ya kwenda msibani. Mjumbe mmoja aliandika katika taarifa ya mwezi kwamba fundi yule amepata vijana wenye nidhamu. Leo tukiisoma taarifa ile tunaona aibu. Kijana ambaye hakuomba ruhusa hata siku moja, kwa miezi miwili, huenda ana nidhamu. Huenda pia ana hofu.

Mambo yalijulikana kwa njia ya kawaida kabisa. Mkaguzi wa hesabu alipitia karatasi za mahudhurio, ambazo zina safu ya namba ya NIDA kama wafadhili wanavyotaka, akakuta namba moja imeandikwa kwa majina mawili tofauti. Akaendelea kutazama, akakuta nyingine. Ikabainika kwamba kati ya saidia fundi 19, saba hawakuwa raia wa Tanzania. Watano walitoka Msumbiji, upande wa Cabo Delgado, na wawili Burundi. Fundi alikuwa amewajazia namba za ndugu zake na za watu aliowahi kufanya nao kazi.

Siku ileile kamati ilipomwita kujieleza, fundi alipita kwanza kwenye eneo la ujenzi akawaambia wale saba kwamba ofisi imeshajua, na kwamba yeyote atakayedai siku zake ataitiwa Uhamiaji. Kila mmoja alikuwa anadai siku 11, kwa shilingi 10,000 kwa siku. Usiku wanne wakaondoka. Asubuhi tuliwakuta watatu wamekaa juu ya rundo la mchanga, wakisubiri kuona tutafanya nini.

Nasi hatukujua tufanye nini. Kamati ilikaa kikao cha dharura kuanzia saa tatu hadi karibu saa kumi alasiri. Wapo waliosema kuwalipa ni kukiri kwa maandishi kwamba kanisa limeajiri wahamiaji haramu, na kwamba karatasi ile itakwenda kwa wafadhili na baadaye kwenye vyombo vya dola. Wapo waliosema hawa si waajiriwa wetu bali wa fundi, basi wadaiane na fundi. Mjumbe mmoja, tena mtu mwema, alipendekeza tuwape nauli kama sadaka na shauri liishe hapo. Tunakiri mbele yenu kwamba sisi wa ofisi ya miradi tulivutiwa na pendekezo hilo la tatu, kwa sababu lilikuwa jepesi na lilionekana kuwa na huruma. Lakini ujira wa mtu ukiugeuza sadaka umemnyang'anya mara mbili: kwanza fedha yake, pili haki ya kuidai.

Aliyetutoa pale tulipokwama ni mwenyekiti wa kijiji, aliyekaribishwa kama shahidi. Yeye ni Mwislamu, kama walivyo majirani zetu wengi Rufiji. Akatukumbusha mafundisho ya Mtume wao kwamba kibarua alipwe kabla jasho halijamkauka, kisha akauliza kama sisi hatuna maneno ya namna hiyo. Tunayo. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inamtaja kibarua mgeni waziwazi, sambamba na ndugu, na kuagiza alipwe siku hiyohiyo. Tumeihubiri mara nyingi. Siku ile tulihitaji jirani atuulize.

Tulimpigia simu mwanasheria anayetusaidia kwa kujitolea. Alitueleza mambo mawili ambayo tangu hapo tumeyaweka mbele katika kila semina. La kwanza, kosa ni kumwajiri mtu asiye na kibali, na kosa hilo lilikuwa limeshatendeka. Kumnyima ujira hakulifuti. La pili, hakuna kifungu kinachompa mwajiri haki ya kubaki na fedha ya mtu aliyeshafanya kazi. Basi tukawalipa wale watatu mbele ya Mtendaji na mwenyekiti, kwa stakabadhi, kwa majina yao halisi. Tukawaambia wazi kwamba hatuwezi kuendelea nao bila karatasi. Shilingi 770,000 zote za watu saba tulizikata katika awamu ya mwisho ya fundi. Alilalamika sana, kisha akasaini.

Sasa tuione sheria yenyewe, kwa kuwa wengi tunaisikia tu kwenye redio.

Sheria inayohusika zaidi kwa upande wa Bara ni Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni, Namba 1 ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba ya mwaka huohuo. Zanzibar wana sheria yao ya ajira ya mwaka 2005. Kabla ya 2015 mamlaka ya kuruhusu wageni kufanya kazi yalitawanyika katika taasisi kadhaa, na mtu mjanja alipita katikati. Sheria mpya ikaweka jukumu kwa Kamishna wa Kazi: yeye ndiye anayetoa kibali cha kazi. Uhamiaji wanatoa kibali cha ukaazi chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995. Kwa hiyo mgeni anahitaji karatasi mbili kutoka ofisi mbili, na moja haichukui nafasi ya nyingine. Tunasisitiza hapa kwa sababu tumewahi kuonyeshwa pasipoti yenye mhuri wa matembezi na mtu akasema "huyu ana karatasi". Anazo, lakini si za kazi.

Vibali vya kazi vina madaraja. Daraja A ni la wawekezaji. B ni la fani maalum, kama madaktari na walimu wa masomo fulani. C ni la fani nyingine. D ni la shughuli za dini na hisani, na humo ndimo wanamoingia wamisionari na wataalamu wa kujitolea tunaowapokea kutoka makanisa rafiki. Wajumbe mliowahi kuhangaikia karatasi za mgeni wa usharika mnalijua. E ni la wakimbizi. Mwajiri anatakiwa kwanza aonyeshe kwamba ametafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akamkosa, na awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi hiyo. Kibali hutolewa kwa miezi 24, kisha huombwa upya. Anayeajiri bila kibali na anayeajiriwa bila kibali wote wana kosa, na adhabu ni faini ya mamilioni, kifungo, au vyote viwili.

Sheria hii ukiitazama kwa makini utaona imemfikiria nani. Imemfikiria mhandisi, meneja na mwekezaji. Chukueni Bwawa la Julius Nyerere, huko juu ya mto wetu huuhuu. Mkataba ulisainiwa Desemba 2018 na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, kwa mradi wa megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme Februari 2024. Kwa mradi wa namna ile sheria inafanya kazi yake: kampuni ina ofisi ya utumishi, ina mwanasheria, inaomba vibali, inaulizwa Watanzania wangapi wanajifunza. Hilo ni jambo jema na tunaliunga mkono bila kigugumizi. Vijana wa Ikwiriri na Mloka waliopata ujuzi kule wana sababu ya kuishukuru serikali.

Lakini kibarua wa palizi ya korosho, mchunga ng'ombe, mchoma mkaa, mbeba zege, hana mlango wowote katika sheria hiyo. Ada ya daraja C ilipotangazwa ilikuwa dola 1,000 za Marekani. Hebu piganieni hesabu: kijana wa shilingi 10,000 kwa siku atafanya kazi siku ngapi bila kula ili alipe ada hiyo? Na ni mwajiri gani atakayethibitisha kwa Kamishna kwamba alimtafuta Mtanzania wa kubeba ndoo akamkosa? Hatuilaumu Serikali kwa kulinda ajira za vijana wake. Vijana hao ni watoto wetu, na wengi wanakaa vijiweni. Tunachosema ni kwamba kazi zenyewe zipo, watu wanaozifanya wapo, na sheria haina neno la kuwaambia zaidi ya "toka".

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilijaribu kufungua mlango. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010 na ina kifungu cha uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Lakini kila nchi iliambatanisha orodha ya kazi ilizokubali kufungua, na orodha yetu ni ya kazi za kitaaluma na kiufundi. Mrundi mwenye jembe hamo. Msumbiji haimo katika Jumuiya hiyo kabisa. Iko SADC, na itifaki ya SADC ya mwaka 2005 kuhusu watu kuvuka mipaka kwa uhuru haikupata nchi za kutosha kuiridhia.

Wala tusisahau kwamba wakati fulani nchi hii iliwafuata watu hao kwao. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakati wa ukoloni, manamba waliletwa kutoka Burundi na Msumbiji kwa maelfu. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kuwakusanya, lililoitwa SILABU. Walipewa namba, ndiyo asili ya jina manamba, na kipande cha kuhesabia siku. Wajukuu zao wako hapa, na wengine ni washarika wetu. Kule Kenya, Wamakonde waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya Kwale tangu miaka ya 1930 walikaa vizazi vitatu bila kitambulisho, hadi walipokabidhiwa mapema mwaka 2017, baada ya kuandamana kwa miguu kwenda Nairobi mwaka uliotangulia. Miaka 80 ya kazi bila jina.

Hapa ndipo tunafika kwenye swali gumu la Rufiji: mgeni ni nani?

Lugha yetu inatuchanganya. Mgeni ni wa kukaribishwa, na mgeni ni wa kuogopwa, neno ni lilelile. Wafugaji waliofika bondeni kwetu baada ya kuondolewa Usangu mwaka 2006 tunawaita wageni hadi leo, na wao ni raia kama sisi. Halafu ikaja miaka ya mauaji ya Kibiti na Rufiji, 2015 hadi 2017, tulipozika wenyeviti wa vijiji, watendaji na askari; Aprili 2017 askari wanane waliuawa siku moja. Tangu hapo sura isiyojulikana ikionekana kijijini watu wanashtuka, na hatuwezi kuwalaumu. Oktoba 2017 vita ikaanza Cabo Delgado, watu wakavuka Ruvuma wakikimbia. Mwaka 2021 maelfu yao walirudishwa kupitia Negomano, na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lililalamika. Waliobaki wamejichanganya na jamaa zao, kwa sababu Mmakonde wa Newala na Mmakonde wa Mueda wanazungumza lugha moja na pengine wana babu mmoja.

Mmoja wa wale watatu tuliowakuta kwenye mchanga ni mfano. Amezaliwa Msumbiji, lakini mama yake ni mtu wa Newala, Mtanzania, na ndugu wa mama wapo. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa nafasi mtoto aliyezaliwa nje na mzazi raia. Huenda kijana huyo alikuwa na haki muda wote alipokuwa akijificha. Shauri lake liko kwenye ofisi inayohusika, na tumemsaidia nauli ya kwenda kutafuta barua za upande wa mama.

Na kinyume chake ni kweli. Wapo Wandengereko wa delta, waliozaliwa hapa na kuzeeka hapa, ambao hawana namba ya NIDA. Mnakumbuka Januari 2020 laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, jinsi watu walivyopanga foleni. Wengi walipata namba, wengine hadi leo wanafuatilia. Katika mradi uleule wa chekechea, mwanzoni kabisa, akina mama 14 waliotaka kazi ya kusomba maji na mchanga walikataliwa kwa kuwa safu ya NIDA ingebaki tupu. Yaani fomu yetu iliwatoa wenyeji kwa sababu walisema kweli, ikaingiza wageni kwa sababu fundi alisema uongo. Tunaomba wageni wetu wa upande wa wafadhili waliandike hilo.

Neno "wahamiaji haramu" tungependa lipungue katika taarifa zetu. Ni neno la kiserikali na linaeleweka, lakini kwa Rufiji haramu ni kitu kisicholiwa na kisichoguswa. Kitendo kinaweza kuwa haramu. Mtu si nguruwe. Andikeni "mtu asiye na kibali", inatosha.

Jambo hili haliko kwetu tu. Marekani walipitisha sheria yao mwaka 1986, wakati wa Rais Reagan. Kwa mara ya kwanza ikawa kosa kwa mwajiri nchi nzima kuajiri mtu akijua hana ruhusa, na wakati huohuo watu wapatao milioni 2.7 waliokuwa wakiishi bila karatasi wakahalalishwa. Kilichofuata mnaweza kukikisia: biashara ya karatasi za kughushi ikakua, na makampuni yakaanza kupitisha ajira kwa makandarasi wadogo ili lawama isiwafikie. Ni yuleyule fundi wetu, amevaa suti. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika shauri la kampuni ya Hoffman Plastic, ilimhukumia mfanyakazi aliyeajiriwa kwa kutumia cheti cha kuzaliwa cha rafiki yake, kisha akafukuzwa kwa kuunga mkono chama cha wafanyakazi. Walisema kufukuzwa kwake kulikuwa kinyume cha sheria, lakini kwa kuwa hakuwa na ruhusa ya kuwapo nchini, hawezi kulipwa mishahara aliyoikosa baada ya kufukuzwa. Majaji watano kwa wanne.

Afrika Kusini walikwenda njia nyingine. Sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 2002 nayo inamwadhibu mwajiri. Lakini mwaka 2008 Mahakama ya Kazi, katika shauri la Discovery Health, ilisema mtu aliyefanya kazi bila kibali bado ni mfanyakazi na bado analindwa dhidi ya kuonewa, kwa maana vinginevyo waajiri wangewaajiri kwa makusudi watu wasio na kibali ili wawadhulumu. Sisi tunaona mahakama hiyo iliiona saikolojia ya fundi wetu vizuri sana. Kitisho cha kuitiwa Uhamiaji kilikuwa na thamani ya shilingi 770,000, na alitaka kukitumia.

Na tukumbuke upande wa pili. Nani kati yetu hana mtoto wa ndugu aliyekwenda Durban au Muscat? Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha taarifa juu ya wasichana wa Tanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti kushikwa na bosi, mishahara kucheleweshwa au kunyimwa. Viza ya kazi ya ndani kule imefungwa kwa mwajiri mmoja, na binti anayekimbia kipigo anageuka mkosaji wa uhamiaji siku hiyohiyo. Familia zinazotujia na simu za vilio kutoka huko hazituulizi kama binti alikuwa na kibali. Zinauliza mshahara wake utapatikanaje.

Turudi nyumbani. Mnamo Septemba 2013 serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kurudi Rwanda, Burundi na Uganda, wengine wakiwa wameishi na kufanya kazi hapa miaka mingi, wameoa na kuolewa. Lakini nchi hiihii, kuanzia miaka ya 2007 na 2008, iliwafungulia mlango wa uraia Warundi wa mwaka 1972 walioishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na watu wapatao 162,000 wakakubaliwa. Walutheri tuna sehemu katika historia hiyo kupitia TCRS, iliyoanzishwa mwaka 1964, iliyofanya kazi katika makazi hayo. Kwa hiyo tusiseme haiwezekani. Tumeshawahi kufanya yote mawili.

Hivi karibuni kuna amri nyingine ambayo kamati za wakulima zinapaswa kuijua. Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara alitoa amri inayozuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, zikiwamo uwakala wa fedha kwa simu, saluni, biashara ya rejareja na ununuzi wa mazao shambani. Mgeni anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo hadi miezi sita. Raia anayemsaidia naye yumo: milioni 5 au miezi mitatu. Tunawaomba wenye ufuta na korosho msikubali kutumia jina lako kumnunulia mtu mwingine mazao kwa malipo ya "asante". Asante hiyo ni ghali.

Basi tumebadilisha nini? Kubwa kuliko yote, tumeacha kulipa vibarua kupitia mfukoni mwa fundi. Mkataba wa ufundi bado upo, lakini ujira wa saidia fundi unalipwa kila Jumamosi kwenye eneo la kazi, mkononi mwa mwenyewe, mbele ya mjumbe wa kamati. Hilo peke yake limeondoa nusu ya uongo. Utambulisho unafanyika siku ya kwanza asubuhi, kabla koleo halijashikwa. Namba ya NIDA ikiwapo, vizuri. Isipokuwapo tunapokea kadi ya mpiga kura, cheti cha kuzaliwa, au barua ya Mtendaji yenye ushuhuda wa mwenyekiti wa kitongoji. Hatupimi uraia kwa lafudhi wala kwa chale za usoni. Anayetaka kufanya hivyo akumbuke bibi yake. Asiye raia tunamwomba kibali cha kazi na cha ukaazi, na akiwa mkimbizi tunamwelekeza kwenye utaratibu wake. Asipokuwa nacho hatumpi kazi, hata kama tunamwonea huruma, kwa sababu huruma ya siku moja inamweka yeye na usharika mahali pabaya.

Na ikitokea tumegundua katikati ya kazi, kama ilivyotutokea, tunalipa hadi siku hiyo, kwa jina la kweli, mbele ya Mtendaji. Fundi atakayemtishia kibarua anapoteza mkataba. Kifungu hicho kimeshaandikwa, kiko ukurasa wa pili wa mkataba mpya.

Mwenyekiti wa kamati moja ya Kibiti ametuuliza wakati wa chai: je, tukimkuta mtu ana njaa njiani? Mpe chakula. Chakula si ajira. Kumficha ili mamlaka zisimwone ni jambo lingine, na sheria inalikataza, kwa hiyo mshirikishe Mtendaji mapema. Kama mtu ameletwa na wasafirishaji, ipo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, ambayo inamtambua yeye kuwa mhanga. Waethiopia zaidi ya 40 waliokufa ndani ya lori mkoani Dodoma Juni 2012 hawakuwa wamekosa chakula tu. Walikosa mtu wa kufungua mlango mapema.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja, na tunalisema kwa heshima. Mnapotutumia fomu, acheni nafasi ya uthibitisho mwingine kando ya namba ya NIDA. Na taarifa ikija na kasoro iliyoelezwa kwa uwazi, kama hii yetu, msiichukulie kuwa mbaya kuliko ile isiyo na kasoro hata moja. Mkaguzi wenu alitusaidia. Tungependa kamati zisiogope ujio wake.

Wale wanne walioondoka usiku, wawili tuliwapata baadaye kupitia jamaa wa Ikwiriri, wakalipwa. Bado wawili, mmoja Mrundi na mmoja wa Msumbiji. Shilingi 220,000 zao zimo kwenye bahasha mbili katika kasha la usharika, zimeandikwa majina tuliyopewa, na mhasibu anazionyesha katika kila taarifa ya robo mwaka. Mwanakamati atakayesikia habari zao, iwe Mohoro, Nyamwage au upande wa Kibiti, amjulishe Mwinjilisti wa mtaa wake. Fomu mpya za mahudhurio zipo mezani kwa katibu, kila kamati ichukue 20.